Leseni ya urubani si kazi: Soma hii kabla nyumbani hawajauza shamba

Ukisimama stendi ya Voi asubuhi, masikio yako ni ya makanga tu. "Wundanyi! Mwatate! Taveta wawili twende!" Halafu unasikia mngurumo mwingine, wa juu. Unainua kichwa. Kindege kidogo kinapita upande wa mlima Sagalla kikielekea mbuga ya Tsavo. Wenzako wanarudi kwa shughuli zao. Wewe unabaki umekodoa macho mpaka kiwe nukta.

Kama huyo ni wewe, makala haya ni yako. Hatutakuambia uache ndoto ya urubani. Tutakuambia mahali ambapo vijana wengi wa Kenya hukwama, ili wewe ukifika hapo usishtuke. Na si kwenye mtihani wanakwama, si kwenye kuogopa kuruka. Wanakwama baada ya kupata leseni.

Voi na ndege si wageni

Kwanza jua kwamba unatoka sehemu yenye historia ndefu ya ndege. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walikuwa wakirusha ndege kutoka Maktau kuchunguza majeshi ya Wajerumani upande wa Taveta. Hiyo ni miaka zaidi ya 100 iliyopita, wakati watu wengi duniani hawakuwa wameona ndege hata mara moja.

Kisha kuna kisa cha Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyetumia ndege kutafuta ndovu kutoka angani. Mnamo Mei 14, 1931, ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth iliondoka uwanja wa Voi, ikaanguka muda mfupi tu baadaye na kuwaka moto. Alifariki pamoja na mfanyakazi wake, Kamau. Beryl Markham, aliyekuwa akijifunza urubani wakati huo, alisimulia baadaye kwamba alikuwa amealikwa katika safari hiyo, lakini mwalimu wake, Tom Campbell Black, akamsihi asiende. Hakwenda. Mwaka 1936, Markham alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi.

Weka kisa hicho akilini. Tutakirudia.

Leseni inapatikanaje

Tuseme umemaliza kidato cha nne na alama zako za hesabu, fizikia na Kiingereza ni poa. Hatua ya kwanza kabisa usiifanye shuleni, ifanye kwa daktari. Rubani wa kulipwa lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na kinatolewa na madaktari walioidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga nchini, KCAA. Wanapima macho, masikio, moyo, na uwezo wako wa kutofautisha rangi. Kuvaa miwani si lazima kukuzuie. Lakini kuna watu wanaogundua tatizo la rangi wakiwa tayari wamelipa karo. Usiwe mmoja wao. Nenda upimwe kabla hujatoa hata shilingi moja ya masomo.

Baada ya hapo ni ngazi, na kila ngazi ina umri na saa zake za kuruka. Unaweza kuanza kama rubani mwanafunzi ukiwa na miaka 16. Leseni ya rubani binafsi ni kuanzia miaka 17, kwa saa 40 hivi angani. Hiyo haikuruhusu kulipwa. Leseni ya biashara, ile inayokuruhusu kulipwa, ni kuanzia miaka 18 na saa 200, au saa 150 ukifuata kozi kamili katika chuo kilichoidhinishwa. Juu kabisa kuna leseni ya urubani wa mashirika ya ndege, ambayo inataka miaka 21 na saa 1,500.

Katikati ya ngazi hizo utahitaji pia idhini ya kurusha ndege ya injini mbili, na ile ya kuruka ukitegemea vipimo vya ndani ya ndege pekee wakati mawingu yamefunika kila kitu. Bila hizo mbili, mlango wa mashirika mengi haufunguki.

Vyuo vingi viko uwanja wa Wilson, Nairobi. Sasa hesabu hii ifanye mwenyewe: uliza chuo kinatoza pesa ngapi kwa saa moja ya kuruka, zidisha kwa 200, kisha ongeza mitihani, chumba, chakula na nauli. Utapata mamilioni ya shilingi. Ndiyo maana habari hii ikifika nyumbani, mazungumzo huwa ni ya shamba la babu kule Mgange au harambee kanisani.

Hapo sasa ndipo penye shida

Umehitimu. Una leseni ya biashara na daftari lenye saa 200. Picha umepiga ukiwa na shati jeupe lenye mistari mabegani, mathe ameiweka kwenye WhatsApp, na kijiji kizima kimekuita kapteni. Unatuma maombi ya kazi.

Kimya.

Si kwamba wewe ni mbaya. Shirika la ndege linaangalia mambo ambayo pengine hujawahi kuyafikiria. Bima yao inataka rubani mwenye uzoefu. Wateja wao, hasa wale wa watalii na mashirika ya misaada, wanaweka masharti yao ya saa. Na kwa kila nafasi moja kuna foleni ya vijana wenye leseni kama yako. Kati ya saa 200 ulizonazo na saa wanazotaka pana pengo, na hakuna chuo kinachokufundisha jinsi ya kulivuka.

Pengo hilo linaweza kuchukua miezi. Linaweza kuchukua miaka. Na wakati unasubiri, leseni haijilipii yenyewe: cheti cha afya lazima ukihuishe, idhini zako lazima zipimwe tena, na usiporuka mikono inasahau. Familia iliyouza kila kitu ili kulipa chuo hubaki haina hata senti ya kukushikilia wakati huu. Hapa ndipo leseni nyingi hulala kabatini, mwenye nayo akiwa anauza simu mjini.

Kwa hivyo, kama kuna jambo moja utakalobeba kutoka makala haya, ni hili: bajeti yako isiishie siku ya kuhitimu. Weka kando pesa za angalau mwaka mmoja wa kusubiri. Kama hesabu haitoshi chuo na kusubiri, bado hujawa tayari kuanza. Kusubiri miaka miwili ukiwa na shamba ni afadhali kuliko kusubiri miaka miwili bila shamba.

Pengo linavukwaje

Njia ya kwanza ni ualimu. Unaongeza idhini ya kufundisha, kisha unafunza wanafunzi wapya na saa zako zinapanda huku ukilipwa kidogo. Kazi si rahisi, na anga ya Wilson imejaa. Machi 5, 2024, ndege ndogo ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria ya Safarilink iliyokuwa ikielekea Diani, juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki. Ndege ya abiria ilirudi salama. Mwalimu wa urubani anabeba maisha ya watu kuanzia siku yake ya kwanza kazini.

Njia ya pili ni kuingia shirika kwa mlango wa nyuma, na hapa hatusemi hongo. Kuna kazi za kupanga safari, kupima mizigo, kushughulikia abiria. Unaonekana kila siku, wanajua unafika kwa wakati, na nafasi ya rubani msaidizi ikitokea jina lako linakumbukwa. Wapo waliodharau kazi hizo kwa sababu wana leseni. Usidharau.

Njia ya tatu haihitaji shamba kuuzwa kabisa. Jeshi la Wanahewa huwafunza marubani wake kwa gharama ya serikali. Ushindani ni mkali na unajifunga kutumika, lakini matangazo ya kusajili makurutu na makadeti hufika hadi Taita Taveta. Na anayekuomba pesa ili akuingize, mwambie kwaheri.

Onyo ndani ya onyo: kabla ya kulipa chuo chochote, hakikisha kimeidhinishwa na KCAA, na ulipe kidogo kidogo kadiri unavyoruka. Chuo kikikulazimisha ulipe yote siku ya kwanza, jiulize kwa nini.

Siku ya usaili na siku za kazi

Ukiitwa, tarajia mtihani wa maandishi, kuruka katika mtambo wa kuigiza safari, na mahojiano. Watafungua daftari lako la saa. Usithubutu kuandika saa ambazo hukuruka. Wakigundua, umemaliza kazi kabla ya kuianza.

Swali moja ambalo huulizwa kwa namna nyingi ni hili: bosi anataka uruke, abiria wamekasirika, lakini hali ya hewa si nzuri. Utafanya nini? Hapa kumbuka Campbell Black na mwanafunzi wake mwaka 1931. Kuruka, wote kwenye foleni wanajua. Shirika linatafuta mtu anayeweza kusema "leo hapana" mbele ya watu wanaomlaumu.

Na kazi yenyewe? Kama ni shirika kama Jambojet, utaanza kama rubani msaidizi kwenye ndege ya mapangaboi, ukienda Mombasa, Kisumu, Eldoret, Ukunda, na kurudi, mara kadhaa kwa siku. Kama ni ndege ndogo za safari za mbugani, aina ya Cessna Caravan, siku yako inaanza alfajiri. Utapima mizigo, maana abiria huruhusiwa kilo 15 tu kwenye mikoba laini. Utapakia mwenyewe ikibidi. Utatua viwanja vya murram vitatu au vinne kabla ya chakula cha mchana. Pengine utapita chini kwanza kufukuza pundamilia, ndipo uzunguke urudi kutua.

Hapa mtoto wa Voi una jambo unalolijua tayari. Unalijua joto la saa nane mchana Tsavo. Hewa yenye joto ni nyepesi, na hewa nyepesi haiibebi ndege vizuri. Njia ile ile iliyotosha asubuhi inaweza kuwa fupi mchana, ndege ikiwa na mzigo ule ule. Rubani mzuri huacha abiria au mafuta chini kuliko kubahatisha. Kitabuni hiyo ni sura moja. Kwenu ni kila siku.

Pia ujue tasnia hii huyumba. Mwaka 2020, corona ilisimamisha safari za ndani hadi Julai 15, na marubani wenye maelfu ya saa wakabaki nyumbani. Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma. Kwa hivyo uwe na ujuzi wa pili, hata ukishapata kiti.

Anza na lipi wiki hii?

Usianze na kuuza. Anza na kuuliza. Omba miadi na daktari aliyeidhinishwa. Panda treni au basi hadi Nairobi siku moja, tembelea vyuo viwili vitatu pale Wilson, na uulize swali ambalo brosha haijibu: wahitimu wenu wa mwaka juzi wako wapi leo? Wakikuonyesha, tafuta wahitimu wenyewe uwasikize.

Kisha rudi Voi, keti na mzazi wako, na umwekee mezani hesabu mbili: ya chuo, na ya kusubiri. Akiziona zote mbili na bado aseme twende, basi mmeamua pamoja mkijua mnachokiendea. Akisema tungoje kidogo, usinune. Miaka 18 ndiyo umri wa chini wa leseni ya biashara. Hakuna aliyesema ndio wa mwisho.