Kisasi na Hukumu: Hieronimo na Kimathi

Katika tanzia za Uingereza za karne ya 16 na ya 17, kisasi huzaliwa pale mfiwa anapofungiwa mlango wa haki. Makala haya yanakusudia kuipima kauli hiyo kwa kulinganisha michezo miwili: Tanzia ya Kihispania ya Thomas Kyd, na Mzalendo Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1976 na kwa Kiswahili mwaka 1978.

Hieronimo wa Kyd ni hakimu. Mwanawe, Horatio, anauawa na Lorenzo, mtoto wa nduguye mfalme, akishirikiana na Balthazar, naye anatundikwa bustanini. Baba anakwenda kwa mfalme kulalamika, Lorenzo anamzuia. Mzee mwingine aliyefiwa na mwana anapomletea shauri lake, Hieronimo anazirarua hati za walalamikaji: sheria imemfia mikononi. Anaapa kutomzika mwanawe mpaka amlipizie; na siku ya kulipiza, kisu chake kinampata hata babake Lorenzo, asiyehusika na mauaji yale.

Kimathi wa mchezo wa pili anashika njia ya kinyume. Katika mahakama ya Nyeri yeye ni mshtakiwa, naye haitambui sheria ya mkoloni. Msituni ndiye hakimu: wasaliti huletwa mbele yake wapate kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Miongoni mwao yumo nduguye, Wambararia. Huruma inamshika, anaahirisha hukumu, nao wanatoroka. Hieronimo anaangamia kwa kuiacha hukumu; Kimathi anaponzwa na kuichelewesha.

Kwa msomaji wa Karatina usaliti huu una uzito wa pekee. Kimathi alisoma Tumutumu, karibu na mji huo. Na wakati wa vita vya Mau Mau, mpiganaji na kamatimu, yaani askari wa nyumbani wa serikali ya kikoloni, waliweza kutoka katika ukoo mmoja. Kisasi kisicho na hukumu kingeweza kuimaliza jamaa nzima, kama kilivyoimaliza nyumba ya Lorenzo.

Kimathi halisi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo pasipo alama. Mkewe, Mukami, aliomba kwa miaka mingi apewe mabaki ya mumewe ayazike. Alifariki mwaka 2023 bila kuyapata. Kwa hiyo swali la tanzia hizi, yaani nani amsikilize mfiwa, halikuishia jukwaani.