Sinema nyumbani: masikio yako ndiyo yapime mtambo

JE, umegundua kwamba ukitazama filamu nyumbani rimoti haikutoki mkononi? Wahusika wakizungumza unaongeza sauti kwa kuwa husikii wasemayo. Dakika moja baadaye gari linalipuka, vioo vya dirisha vinatetemeka, mtoto anaamka akilia, nawe unapapasa vitufe gizani ukitaka kuipunguza.

Wengi hudhani hiyo ni kasoro ya filamu, ama kwamba mzee wa nyumba ameanza kuwa kiziwi. Aghalabu chanzo ni risiva, yaani lile sanduku linalopokea sauti kutoka kwa runinga na king'amuzi kisha kuigawia spika tano, saba au zaidi pamoja na sabufa. Ama ilichaguliwa vibaya, ama haikutengenezwa vyema ilipofika sebuleni.

Ukizuru maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, jambo la kwanza utakalotajiwa ni wati. Usibabaike. Chukua mfano wa Denon AVR-X1700H, risiva ya bei ya wastani iliyotolewa mwaka wa 2021. Pengine utaambiwa ina wati 145 kwa kila spika, na penginepo wati 80. Hakuna anayekudanganya. Zile 145 zilipimwa spika moja tu ikifanya kazi, tena kwa mlio wa aina moja. Zile 80 zilipimwa spika mbili zikifanya kazi kwa pamoja, kuanzia sauti nene kabisa hadi nyembamba kabisa. Spika zote saba zikidai nguvu kwa wakati mmoja, kila moja hupata pungufu ya hapo.

Isitoshe, wati zikiongezwa maradufu sauti hupanda kwa desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo tu. Ili uisikie sauti kuwa kubwa mara mbili unahitaji wati karibu mara kumi. Basi kuna haja gani kuongeza maelfu ya shilingi ili kutoka wati 80 hadi 100?

Suala hili si la mfuko pekee. Ndani ya sikio mna chembechembe zenye vinyweleo vidogo mno vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za kupelekwa kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani (WHO) lasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki bila kujihatarisha. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne kwa wiki nzima. Kwa watoto, kiwango cha saa 40 ni desibeli 75.

Sasa linganisha na mtambo wako. Risiva hiyo ikishapimwa kwa maikrofoni yake, ukiifikisha alama ya 80 itakuwa inalenga sauti ya ukumbi wa sinema, ambako vishindo vya spika moja huweza kufika desibeli 105. Na jambo la kushangaza ni kwamba mtambo mzuri ndio unaoweza kukuponza. Mbovu ukiongezwa sauti hukwaruza na kukuudhi, nawe unaupunguza. Ulio safi haukwaruzi, hivyo unazidi kupandisha bila habari.

Ukienda kuujaribu dukani, usikubali ile filamu ya mabomu wanayowachezea wateja wote. Beba kitu unachokijua vyema: taarifa ya habari, wimbo wa kwaya, taarabu, au filamu uliyoitazama mara nyingi. Mwombe muuzaji apunguze sauti hadi kiwango cha watu wanaozungumza mezani. Je, kila neno lasikika? Zitegee sikio herufi s, f na sh. Zikichoma kama sindano, utachoka kabla filamu haijafika nusu. Zikififia, utaanza ule mchezo wa kupandisha na kuteremsha.

Hapo ndipo ningekushauri umchukue mzazi wako mwende naye. Umri ukisonga, sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Mzee husikia kwamba mtu anazungumza ila haelewi asemalo, na kumwongezea besi hakumsaidii hata kidogo. Uliza iwapo risiva ina njia ya kupandisha mazungumzo pekee, yale yanayotoka katika spika ya kati, bila kugusa muziki wala vishindo. Uliza pia kama ina mpango wa kubana tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Katika Denon mpango huo huitwa Dynamic Volume. Wapenzi wa sinema huudharau, lakini wao hawaishi katika fleti yenye mtoto mchanga.

Ukilinganisha risiva mbili, hakikisha zina sauti sawa, kwani ile iliyo juu kidogo daima huonekana bora. Kaa chini dakika ishirini. Dakika mbili hazitoshi kumjua hata jirani.

Besi ina hadithi yake. Mnamo 1933 wanasayansi Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio la binadamu hupoteza besi kwanza. Ndiyo maana muziki uliopunguzwa huonekana mwembamba, nasi hushawishika kuupandisha. Risiva nyingi za kisasa zina njia ya kurejesha besi hiyo sauti ikiwa ya chini. Ijaribu. Ikifanya kazi vyema, utaridhika na sauti ndogo.

Nyumbani, usipuuze ile maikrofoni iliyo katika kasha. Iweke penye usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, zima feni, nyamazisha watoto, kisha uiache risiva ipime spika. Hata hivyo, haiwezi kutibu kila kitu. Sebule nyingi za mijini zina vigae, kuta tupu na dirisha kubwa, na sauti hurudi kama katika bafu. Kwa maoni yangu, zulia zito na pazia nene hufaa kuliko risiva ya bei maradufu.

Kuhusu utumizi, mpe rimoti mtu asiyependa mitambo na umwambie awashe habari. Akishindwa, risiva hiyo itakuwa yako peke yako, na jamaa wengine watarudia spika za runinga. Vitufe viwe vikubwa, na kiwepo kimoja cha kuhifadhi mpangilio wa kila siku. Risiva ipate nafasi ya kupumua juu yake maana huchemka. Na iwapo utaletewa na ndugu aliye Marekani, kumbuka umeme wa huko ni wa volti 120 na wetu ni 240.

Wakaao kwenye fleti wana jambo jingine. Kanuni za kelele zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira mwaka wa 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya makazi mchana na 35 usiku, na usiku huo huanza saa mbili jioni. Sabufa iliyo sakafuni humfikia jirani wa chini hata kama yeye hasikii neno moja la filamu.

Kabla ya kuketi utazame, fungua menyu ya sauti utafute mahali pa kuweka kikomo. Katika Denon ile, alama ya 60 ni miongoni mwa zile unazoweza kuchagua. Weka pia kiwango itakachoanzia kila inapowashwa, ili anayeiwasha asubuhi asipokelewe na kishindo cha filamu ya jana usiku.