Trekta Hulima, Lakini Halirutubishi: Funzo la Ismani

Mtu asafiriye kutoka Iringa mjini kwenda Dodoma hupita katika nchi ya Ismani. Nchi hii ni kavu kuliko Mufindi au Rungwe. Mvua yake ni haba na haina uhakika. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 Ismani ilisifika sana kwa mahindi. Watu walihamia huko kutafuta mashamba, matrekta yalinguruma, na malori yaliondoka yamesheheni magunia. Miaka ishirini baadaye mavuno yalikuwa yamepungua, na ardhi imekuwa chanzo cha ugomvi mkali. Tarehe 25 Desemba 1971, wakati wa kampeni ya kuanzisha vijiji vya ujamaa, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima mmoja wa Ismani.

Habari hiyo hufundishwa katika historia ya siasa. Lakini ndani yake limo pia swali la sayansi: kwa nini mashamba yaliyopata zana bora yalizidi kudhoofika?

Zana zafika Nyanda za Juu

Wakati wa ukoloni, walowezi walipewa mashamba makubwa katika sehemu mbalimbali za Nyanda za Juu za Kusini. Wagiriki walilima tumbaku karibu na Iringa. Mufindi kulipandwa chai. Mbozi kulikuwa na mashamba ya kahawa. Wakulima hao walihitaji plau, matela, mapipa ya mafuta na vipuri. Reli haikufika huko. Shehena ilishushwa katika stesheni za Reli ya Kati, kama vile Dodoma, kisha ikasafirishwa kwa lori. Kutoka Dodoma hadi Iringa peke yake ni zaidi ya kilomita 250, na Mbeya iko mbali zaidi. Kwa hiyo bolti moja iliyovunjika mwanzoni mwa mvua iliweza kusimamisha kazi ya msimu mzima. Reli ya TAZARA, ipitayo Makambako na Mbeya, ilikamilika mwaka 1975 tu.

Pamoja na shida hizo, faida ya trekta ilikuwa dhahiri. Kulima ekari moja kwa jembe la mkono huchukua siku nyingi. Trekta hulima ekari kadhaa kwa siku moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima Waafrika wenye uwezo nao walianza kununua au kukodi matrekta, na Ismani ni mfano mashuhuri wa jambo hilo.

Siri ya mikono mitatu

Trekta moja lililoenea sana duniani baada ya vita ni lile la Ferguson aina ya TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956. Yaliundwa zaidi ya 500,000. Uzito wake ulikuwa zaidi kidogo ya tani moja. Yawezekanaje chombo chepesi hivyo kuvuta plau katika ardhi ngumu bila magurudumu kuteleza?

Jibu limo katika uvumbuzi wa Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland. Zamani plau ilifungwa nyuma ya trekta kama tela, na trekta lilihitaji uzito mkubwa ili magurudumu yashike ardhi. Ferguson aliiunganisha plau kwa mikono mitatu. Miwili ya chini huvuta. Udongo unapoipinga plau, plau hutaka kupinduka kuelekea mbele. Mkono wa tatu, ulio juu, huizuia, na papo hapo husukuma trekta mbele na kulizuia lisiinue kichwa. Uzito wa plau, na nguvu ya udongo inayoivuta chini, huongeza mgandamizo juu ya magurudumu ya nyuma. Hivyo kadiri kazi inavyokuwa ngumu, ndivyo magurudumu yanavyozidi kushika. Mwanafunzi aliyesoma kanuni ya wenzo hatashindwa kuitambua hapa.

Hesabu ya gunia

Trekta huongeza eneo linalolimwa, lakini haliongezi chakula cha mimea kilichomo ardhini. Gunia moja la mahindi la kilo 100 huchukua shambani takriban kilo moja na nusu ya naitrojeni, mbali na fosforasi na potasiamu. Tuchukue mfano wa ekari moja itoayo magunia kumi kila mwaka. Kwa mwaka hupoteza kilo 15 za naitrojeni katika punje peke yake. Kwa miaka ishirini, kilo 300. Mnunuzi hulipia mahindi, lakini lori huondoka pia na sehemu ya rutuba ya shamba.

Mkulima wa jembe la mkono aghalabu aliacha shamba lililochoka, akafyeka jingine, na lile la kwanza likapumzika. Mkulima wa trekta aliyekwisha gharimia kung'oa visiki hakuwa na sababu ya kuliacha. Ismani mahindi yalipandwa mwaka baada ya mwaka mahali pale pale. Bila samadi, mbolea, wala mazao ya jamii ya kunde, kupungua kwa mavuno kulikuwa jambo la kutazamiwa.

Tabaka lisiloonekana

Kuna hatari nyingine. Plau inapopita miaka mingi katika kina kile kile, na magurudumu yakakanyaga udongo wenye unyevu, chini ya sehemu iliyolimwa hujengeka tabaka gumu. Maji hayapenyi vizuri, na mizizi hushindwa kwenda chini. Mvua kubwa huleta mmomonyoko, na jua la wiki mbili hunyausha mahindi.

Maksai naye hukanyaga kwa nguvu, kwa sababu kwato zake ni ndogo. Lakini uzito wake wote ni mdogo kuliko wa trekta, kwa hiyo mgandamizo wake haufiki mbali chini. Hii haina maana kwamba maksai ni bora daima, ila kila zana ina gharama yake kwa udongo.

Jaribio kwa wanafunzi

Chukua makopo mawili yaliyo sawa, yaliyotobolewa pande zote mbili. Shindilia kopo moja kwenye njia ya magurudumu shambani, na jingine mahali pasipokanyagwa, yote kwa kina cha sentimita tano. Mimina kiasi sawa cha maji katika kila kopo, kisha pima kwa saa muda ambao maji hutumia kuzama. Rudia mara tatu na utafute wastani. Tofauti itakayoonekana ni kipimo cha madhara ya kukanyaga.

Mwenye kukodi trekta leo hana budi kuuliza maswali mawili zaidi ya bei ya ekari: rutuba inayoondoka itarudishwaje, na ni lini tabaka la chini litapasuliwa? Wakulima wengi wa Ismani walipata trekta kabla ya kupata nafasi ya kuyajibu maswali hayo.