Rangi Nyekundu Iliyo ya Kweli: Matumizi ya Makro katika Orodha ya Wajawazito

Katika kata ya Mandawa, wilayani Ruangwa, kama ilivyo katika vijiji vya wilaya jirani ya Nachingwea, mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu hana muda wa kupoteza. Zahanati haina benki ya damu. Anayehitaji kuongezewa damu hupewa rufaa kwenda hospitali, na safari hiyo huwa ngumu zaidi barabara za udongo zinapolowa. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kumtambua mapema miongoni mwa wengi waliohudhuria kliniki.

Kumbukumbu rasmi za wajawazito huandikwa katika vitabu vya MTUHA, na majumuisho yake huingizwa katika mfumo wa DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Hata hivyo, watoa huduma wengi huwa pia na orodha yao ya ufuatiliaji katika lahajedwali, kwa kawaida Excel. Orodha yenye majina 40 na tarakimu nyeusi tupu huchosha macho, na namba 6.8 hupita kati ya 10.8 na 11.2 bila kuonekana. Hapo ndipo mtu hupata wazo la kuzipa rangi herufi za seli zenye hatari.

Kuna njia tatu za kufanya hivyo. Ya kwanza ni kupaka rangi kwa mkono, ambayo ni rahisi lakini hutegemea jicho lile lile lililochoka. Ya pili ni kuipa seli kanuni, ili rangi ibadilike yenyewe kila thamani inapobadilika. Ya tatu ni makro, yaani mfululizo wa amri ulioandikwa kwa lugha ya VBA, ambao hupitia seli moja baada ya nyingine na kutekeleza ulichoagizwa.

Makro ina uwezo mkubwa kuliko kanuni ya seli, kwa kuwa inaweza pia kukagua makosa na kuandika maneno. Lakini ina tabia moja ambayo ni lazima ieleweke: rangi inayowekwa na makro ni kama rangi ya ukutani. Thamani ikibadilika kutoka 6.8 hadi 10.1 baada ya matibabu, wekundu hubaki mpaka makro iendeshwe tena. Vivyo hivyo, thamani mpya ya 6.5 ikiingizwa leo hubaki nyeusi. Kwa hiyo makro nzuri huanza kwa kufuta alama za zamani.

Chukulia kwamba kiwango cha hemoglobini, kwa gramu katika desilita moja ya damu, kimeandikwa katika safu D, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 41, na safu E imeachwa wazi. Amri zitakuwa hivi:

Sub OneshaDamu()
Dim s As Range
For Each s In Range("D2:D41")
  s.Font.Bold = False
  s.Font.Color = vbBlack
  s.Offset(0, 1).Value = ""
  If Trim(s.Value) = "" Then
    s.Offset(0, 1).Value = "HAJAPIMWA"
  ElseIf Not IsNumeric(s.Value) Then
    s.Offset(0, 1).Value = "KAGUA"
  ElseIf s.Value <= 0 Or s.Value > 20 Then
    s.Offset(0, 1).Value = "KAGUA"
  ElseIf s.Value < 7 Then
    s.Font.Bold = True
    s.Font.Color = vbRed
    s.Offset(0, 1).Value = "DHARURA"
  ElseIf s.Value < 11 Then
    s.Font.Bold = True
    s.Offset(0, 1).Value = "UPUNGUFU"
  End If
Next s
End Sub

Ili kuzitumia, bonyeza Alt na F11 kwa pamoja, fungua moduli mpya, ziandike humo, kisha hifadhi faili kwa aina ya .xlsm, kwa kuwa aina ya .xlsx haihifadhi makro. Kuiendesha, bonyeza Alt na F8. Tunza nakala ya faili kwanza, maana kazi iliyofanywa na makro haitenduliwi kwa Ctrl na Z.

Font.Bold hukoleza herufi, na Font.Color huzipa rangi. Sehemu zenye thamani kubwa zaidi, hata hivyo, ni zile za HAJAPIMWA na KAGUA. Kwa VBA, seli tupu ikilinganishwa na namba huhesabiwa kuwa sifuri. Bila tahadhari hiyo, mama ambaye hajapimwa angepakwa nyekundu kama mgonjwa mahututi. Aidha, anayeandika “6.5 g” ndani ya seli huigeuza namba kuwa maandishi. Makro isiyojihadhari ingesimama hapo hapo, na waliofuata wasikaguliwe. Kanuni ya rangi ya seli ingemhesabu mama huyo kuwa salama, bila kutoa onyo lolote. Na nukta ikisahaulika, 6.5 huwa 65, namba ambayo bila kikomo cha juu ingeonekana kuwa nzuri mno.

Hatari ya kompyuta kunyamaza si ya kufikirika. Mwaka 2020 nchini Uingereza, karibu visa 16,000 vya UVIKO-19 vilichelewa kuripotiwa kwa sababu aina ya zamani ya faili la Excel haikuweza kubeba zaidi ya mistari 65,536.

Neno katika safu E lina kazi nyingine. Wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na hali hiyo huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Mashine ya kuchapa ya wino mweusi hugeuza nyekundu kuwa kijivu. Faili likihifadhiwa kwa aina ya CSV, rangi zote hupotea, bali maneno hubaki.

Vikomo vya 7 na 11 vilivyotumika hapa vimezoeleka katika huduma za wajawazito. Mwongozo wa wizara ukitofautiana navyo, namba za ndani ya makro zibadilishwe kuufuata. Tena, rangi haitibu. Nyuma ya namba ndogo kunaweza kuwa na malaria, safura, upungufu wa madini ya chuma au selimundu, na mama mwenye namba nzuri lakini anayehema kwa shida na kupauka bado anahitaji kuchunguzwa. Mtoa huduma amwangalie mama kwanza, orodha ifuate.

Orodha hiyo ni siri ya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za namna hii zilindwe. Kwa hiyo faili liwe na nywila, wala lisitumwe katika makundi ya simu. Makro kutoka kwa mtu usiyemfahamu isifunguliwe, kwa sababu inaweza kubeba virusi vya kompyuta.

Kwa upande wake, mama mjamzito asiiachie kompyuta kila kitu. Kila anapopimwa damu, ana haki ya kuuliza: “Damu yangu ni ngapi?” Aone namba hiyo ikiandikwa katika kadi yake ya kliniki, ameze vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kama alivyoelekezwa, na alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akianza kuhisi kizunguzungu, kuishiwa pumzi au moyo kwenda mbio, afike kituoni bila kungoja tarehe ya kliniki.