Lifti ya Bure Ndani ya Seli

Mwaka 2017 na 2018, Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko wa listeriosisi uliowapata zaidi ya watu 1,000 na kuua zaidi ya 200. Chanzo kilikuwa poloni, ile soseji nene ya kukata vipande. Vichanga ndio walioumia zaidi. Nimeanza na bakteria huyu, Listeria monocytogenes, kwa sababu ndiye mwalimu bora ninayemjua wa mada tunayoikariri usiku wa kuamkia mtihani kisha tunaisahau: seli inatembeaje?

Seli haina miguu. Ina aktini, protini ndogo inayoungana na nyingine kama yenyewe kuwa uzi mwembamba, unene wake nanomita 7 hivi. Uzi huo una ncha mbili zisizolingana: moja hupokea aktini mpya upesi, nyingine polepole. Ncha za upesi zikielekea mbele zinausukuma utando, na seli inasonga. Rahisi, sivyo? Shida ni kwamba aktini ndani ya seli ni nyingi mno. Ikiachwa huru, sehemu kubwa ingegeuka nyuzi ovyo ovyo, na seli ingekakamaa.

Ndiyo maana kuna wasimamizi. Taimosini huishika aktini na kuiweka akiba. Profilini huipeleka kwenye ncha ya upesi. Arp2/3 hukaa ubavuni mwa uzi uliopo na kuchipusha tawi jipya, pembe ya digrii 70 hivi, lakini haianzi kazi mpaka iamshwe na protini za ukoo wa WASP zilizo kwenye utando. Kofilini inakata nyuzi zilizozeeka ili aktini yake itumike tena mbele.

Anayenivutia mimi ni protini ya kuziba ncha. Ukiisoma harakaharaka utadhani ni kikwazo: inazuia uzi usirefuke! Kumbe ikifunga ncha nyingi, aktini iliyopo inabaki kwa ajili ya zile chache zilizo wazi karibu na utando. Tena matawi mafupi husukuma vizuri; uzi mrefu ungepinda tu.

Sasa rudi kwa Listeria. Mgongoni amebeba protini iitwayo ActA, inayojifanya WASP. Arp2/3 inadanganyika, matawi yanachipuka nyuma yake, na jamaa anasukumwa mpaka seli ya jirani bila kutoka nje, mahali ambapo kingamwili zingemkamata. Mwaka 1999, Loisel na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba huhitaji hata seli nzima: aktini, Arp2/3, kofilini na protini ya kuziba, pamoja na ATP ya kuendesha kazi, zilitosha kumtembeza bakteria. Profilini iliongeza kasi, ila haikuwa ya lazima.

Na WASP yenyewe ikiharibika? Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaougua ni karibu wote wavulana. Ugonjwa unaitwa Wiskott-Aldrich. Chembe sahani za damu huwa chache na ndogo, mtoto anavuja damu kirahisi. Chembe nyeupe nazo hazifiki vizuri zinakohitajika, maambukizi hayaishi. Wengi hutibiwa kwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, yaani kupewa chembe zenye WASP inayofanya kazi.