Vidonge vya Kukojoza: Vinafanya Nini Ndani ya Figo?



Wenzetu wengi wenye presha au ugonjwa wa moyo hupewa zahanati vidonge vinavyowafanya wakojoe mara kwa mara. Wengine huviacha kwa sababu choo kiko mbali. Wengine humgawia jirani aliyevimba miguu. Kabla hujafanya hivyo, soma maelezo haya.

KAZI YA FIGO
Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja kutoka katika damu maji kiasi cha lita 180, yaani madumu 9 ya lita 20. Maji hayo hupita katika mirija myembamba sana, na karibu yote hurudishwa katika damu. Kinachobaki, kama lita moja na nusu, ndicho mkojo.

Maji hufuata chumvi. Chumvi ikirudi katika damu, maji nayo hurudi. Dawa za kukojoza huizuia chumvi isirudi, hivyo maji hubaki nayo na kutoka kama mkojo.

AINA TATU
1. Furosemaidi (wengi huiita Lasix). Huzuia chumvi pale mrija unapopanda baada ya kujipinda. Karibu robo ya chumvi yote hurudi hapo, ndiyo maana dawa hii ina nguvu. Mkojo huanza ndani ya saa moja, na baada ya saa sita hivi hupungua.

2. Haidroklorothiazaidi na bendrofluazaidi. Hufanya kazi mbele zaidi, mahali inaporudi chumvi kidogo, kama sehemu 5 kwa 100. Nguvu yake ni ndogo lakini hudumu zaidi, kwa hiyo hutumika sana kwa presha.

3. Spironolaktoni. Huzuia homoni inayoagiza chumvi irudi mwishoni mwa mrija. Huchukua siku kadhaa kuonyesha matokeo. Hupewa wagonjwa wa moyo, na wenye tumbo lililojaa maji kwa ugonjwa wa ini.

USIBADILISHANE VIDONGE
Aina mbili za kwanza hutoa pia potasiamu mwilini. Ikipungua mno, misuli hulegea au kukaza, na moyo hupiga ovyo. Aina ya tatu huibakiza potasiamu. Ikizidi, hasa kwa mwenye figo dhaifu, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo kidonge kinachomsaidia jirani kinaweza kukuua wewe.

MAMBO YA KUZINGATIA
- Meza dawa asubuhi ili usiamke usiku kwenda chooni, isipokuwa kama umeelekezwa vingine.
- Ukiharisha au kutapika, njoo zahanati siku hiyo hiyo na vidonge vyako. Mwili unaopoteza maji kwa njia mbili hukauka upesi. Mganga ataamua kama usimame kwanza.
- Mtoto aliyevimba miguu au uso kwa utapiamlo asipewe dawa hizi kamwe. Uvimbe wake huisha kwa matibabu na chakula maalumu. Mpeleke kituo cha lishe.
- Mama mjamzito aliyevimba uso au mikono, au anayeumwa kichwa sana, aende zahanati mara moja.
- Usiache dawa kwa sababu unajisikia nafuu. Huenda nafuu hiyo inatokana na dawa yenyewe.

Kama choo kiko mbali, mwambie mganga. Saa ya kumeza inaweza kupangwa upya.