Upatanifu wa Maunzi katika Mifumo Endeshi Huria ya Kompyuta za Mezani

Utangulizi

Mtahiniwa, tuanze na mfano. Tuchukulie kuwa shule ya sekondari iliyopo Kinole, kwenye milima ya Uluguru, imepewa kompyuta 10 za mezani zilizokwisha kutumika ofisini. Zote zina Windows 10, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiwezi kuwekwa kwa njia ya kawaida, kwa sababu inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo kompyuta hizo hazina. Mwalimu anaamua kutumia mfumo endeshi huria. Anashuka Morogoro mjini, anapakua Linux, anaiweka kwenye flashi na kurudi nayo mlimani. Anafuta diski zote na kusakinisha. Kompyuta zinawaka vizuri, lakini kadi za waifai hazionekani. Ili apate programu inayokosekana anahitaji intaneti, na intaneti ndiyo hiyo isiyopatikana. Inabidi ashuke tena mjini.

Kadi zile hazikuwa mbovu, na Linux haikuwa mbovu. Mwalimu alifuta diski kabla ya kupima. Ukimaliza kusoma sehemu hii uweze kufanya mambo matatu: kueleza maana ya upatanifu wa maunzi, kutaja sababu za kifaa kukataa kufanya kazi, na kupanga hatua za kupima kompyuta kabla ya kuibadilishia mfumo.

1. Istilahi za msingi

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia maunzi na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi.

Mfumo endeshi huria ni ule ambao msimbo wake chanzo uko wazi, na mtumiaji anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Mifano ni Debian, Ubuntu na Fedora. Usiandike kwamba huria maana yake ni bure tu. Programu inaweza kutolewa bila malipo na bado msimbo wake ukafichwa.

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayozungumza moja kwa moja na maunzi. Linux, kwa maana yake kamili, ni jina la kiini hicho.

Kiendeshi ni programu inayokiwezesha kiini kutumia kifaa fulani, kama vile printa au kadi ya sauti. Fikiria mkulima wa mdalasini wa Kinole na mnunuzi mgeni asiyejua Kiswahili. Mdalasini upo na fedha zipo, lakini bila mkalimani biashara haifanyiki. Kiendeshi ndiye mkalimani.

Upatanifu wa maunzi ni hali ya kifaa na mfumo endeshi kuweza kufanya kazi pamoja ipasavyo. Kumbuka kwamba kompyuta ni mkusanyiko wa vifaa vingi. Inawezekana kioo, kibodi na sauti vikapatana na mfumo, huku kadi ya waifai pekee ikikataa.

2. Kwa nini tatizo hili lipo

Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alipotangaza kazi yake mwezi Agosti 1991. Kiini chake kiliandikwa kwa ajili ya kompyuta yake yenye prosesa ya Intel 80386. Aliwatahadharisha wasomaji kwamba huenda kisikubali diski za aina nyingine, kwa kuwa ile aliyokuwa nayo ndiyo pekee aliyoweza kuiandikia. Hapo utaona kanuni ambayo bado inafanya kazi: kiendeshi huandikwa pale penye mtu mwenye kifaa, mwenye ujuzi, na mwenye maelezo ya jinsi kifaa kinavyofanya kazi.

Kwa upande wa Windows, kwa kawaida mtengenezaji wa kifaa ndiye anayeandika kiendeshi, kwa sababu wateja wake wengi wako huko. Kwa upande wa Linux, wapo watengenezaji wanaoandika viendeshi wenyewe, wapo wanaotoa maelezo ili wengine waandike, na wapo wanaokaa kimya. Kwa hao wa mwisho, wanaojitolea hulazimika kukichunguza kifaa na kukisia kinavyofanya kazi.

Mfano mwingine wa kihistoria ni wa Richard Stallman. Akiwa katika maabara ya MIT nchini Marekani, aliwahi kurekebisha programu ya printa ili iwajulishe watumiaji karatasi zinapokwama. Ilipoletwa printa mpya ya Xerox, msimbo wake haukutolewa, hivyo hakuweza kufanya marekebisho hayo. Tukio hilo ni miongoni mwa yaliyomsukuma kutangaza mradi wa GNU mwezi Septemba 1983. Hivyo, suala la kiendeshi lipo kwenye mizizi ya harakati za programu huria.

3. Sababu za kutopatana

(a) Usanifu wa prosesa. Prosesa ya biti 32 haiwezi kuendesha mfumo ulioandaliwa kwa biti 64. Ubuntu iliacha kutoa kisakinishi cha kompyuta za mezani za biti 32 kuanzia toleo la Oktoba 2017. Kompyuta kongwe zenye Pentium 4 nyingi zimekwama hapo, ilhali zenye Core 2 Duo, iliyotoka mwaka 2006, ni za biti 64.

(b) Kukosekana kwa kiendeshi. Kifaa kinaonekana kwenye orodha ya vifaa, lakini hakuna programu ya kukiendesha. Hali hii hujitokeza zaidi kwa baadhi ya kadi za waifai, printa na skana.

(c) Kukosekana kwa famuwea. Famuwea ni programu ndogo inayofanya kazi ndani ya kifaa chenyewe. Baadhi ya kadi huihitaji kila zinapowashwa. Kiendeshi kinaweza kuwepo, lakini bila famuwea kadi inabaki kimya. Kwa miaka mingi Debian haikuweka famuwea zisizo huria kwenye kisakinishi chake rasmi. Baada ya wanachama wake kupiga kura mwaka 2022, famuwea hizo ziliingizwa kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023.

(d) Umri wa kiini. Viendeshi vingi vya Linux huja ndani ya kiini. Kifaa kilichotoka mwaka huu huenda kisitambuliwe na kiini cha miaka mitatu iliyopita. Ndiyo maana wakati mwingine kompyuta iliyotumika huleta usumbufu mdogo kuliko mpya kabisa: viendeshi vyake vimekwisha kuandikwa na kusahihishwa.

(e) Mipangilio ya uwashaji. Kompyuta nyingi za kisasa hutumia UEFI yenye ulinzi unaozuia mfumo usio na saini inayotambulika. Ubuntu na Debian zina saini hiyo. Baadhi ya mifumo midogo haina, hivyo haitawaka mpaka ulinzi huo uzimwe kwenye mipangilio.

Zingatia: uwezo mdogo si sawa na kutopatana. Ubuntu 24.04 inapendekezwa kwa kompyuta yenye RAM ya GB 4 na nafasi ya diski ya GB 25. Ukiiweka kwenye kompyuta yenye GB 2 itakuwa nzito, hata kama vifaa vyote vimetambuliwa. Suluhisho hapo ni kuchagua mfumo mwepesi kama Lubuntu, au Debian yenye eneokazi la Xfce. Kutafuta kiendeshi hakutasaidia.

4. Kupima kabla ya kufuta

Mifumo mingi huria inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Hii ndiyo njia ambayo mwalimu wetu angeitumia.

Hatua ya kwanza: nakili mafaili muhimu ya shule kwenye diski nyingine.

Hatua ya pili: washa kompyuta kwa kutumia flashi, kisha chagua kujaribu mfumo bila kusakinisha.

Hatua ya tatu: jaribu kifaa kimoja kimoja. Unganisha waifai, cheza sauti, chapisha ukurasa mmoja, zima na washa tena. Usiridhike kwa sababu tu picha imetokea kwenye kioo.

Hatua ya nne: soma orodha ya vifaa. Amri ya lscpu huonyesha kama prosesa ni ya biti 32 au 64. Amri ya free -h huonyesha kiasi cha RAM. Amri ya lsusb huorodhesha vifaa vilivyochomekwa kwenye USB. Amri ya lspci -k huorodhesha kadi za ndani pamoja na viendeshi vyake. Kadi ambayo chini yake hakuna mstari unaoanza na maneno Kernel driver in use haijapata kiendeshi.

Hatua ya tano: andika jina na namba ya kifaa kilichokataa. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia kutafuta kiendeshi. Ukishuka mjini nayo utapakua unachohitaji kwa safari moja. Bila namba hiyo utakuwa unabahatisha.

Hatua ya sita: sakinisha kwenye kompyuta moja, itumie kwa siku chache, ndipo uendelee na zile tisa zilizobaki.

5. Kifaa kikikataa

Kwa waifai, njia ya haraka ni simu. Iunganishe simu ya Android na kompyuta kwa waya wa USB, kisha washa kipengele cha kushirikisha intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux huitambua simu hiyo kama kadi ya mtandao bila kuongeza chochote. Ukishapata intaneti kwa njia hiyo, pakua kiendeshi au famuwea ya kadi ya waifai. Njia hii inafaa hasa mahali ambapo mtandao uliopo ni wa simu.

Kwa modemu ya USB, fahamu kuwa nyingi hujitambulisha kwanza kama diski ya CD yenye programu za Windows. Programu ya usb_modeswitch huiamuru modemu iache kujifanya diski na ifanye kazi ya modemu.

Kwa printa, angalia kama mtengenezaji anatoa kiendeshi cha Linux. HP, kwa mfano, ina mradi wa HPLIP unaohudumia printa zake nyingi. Kabla ya kununua printa, ulizia aina kamili, kwani printa mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana.

Njia zote zikishindikana, linganisha gharama. Kununua kadi ya waifai ya USB inayotambulika kunaweza kuwa nafuu kuliko kuitupa kompyuta nzima.

6. Mtego wa kuepuka

Watahiniwa wengi huandika kwamba kifaa kisichofanya kazi kwenye Linux ni kibovu. Hilo ni kosa. Kifaa kibovu hakifanyi kazi kwenye mfumo wowote. Kifaa kisichopatana hufanya kazi kwenye mfumo mwingine au toleo jingine. Na kipo kifaa kilichozimwa tu: kompyuta mpakato nyingi zina kitufe cha kuzima waifai, na amri ya rfkill list itakuonyesha kama imezimwa. Jibu zuri hutenganisha hali hizi tatu.

7. Swali la mfano

Swali: Kompyuta ya shule imewekewa mfumo endeshi huria. Orodha ya vifaa inaonyesha kadi ya waifai, lakini kompyuta haiunganishwi na mtandao. Eleza sababu tatu zinazowezekana na utoe suluhisho la kila moja. (Alama 9)

Jibu dhaifu: "Waifai ni mbovu. Linux haifai. Irudishwe Windows." Jibu hili halielezi chanzo chochote, na kadi kuonekana kwenye orodha ni dalili kwamba kompyuta inaiona.

Jibu linalotakiwa:

(i) Kiendeshi cha kadi hakipo ndani ya kiini kilichosakinishwa, pengine kwa sababu kiini ni cha zamani kuliko kadi. Suluhisho ni kusakinisha toleo jipya la mfumo au kuongeza kiendeshi hicho.

(ii) Kiendeshi kipo, lakini famuwea inayohitajika haipo, hivyo kadi haianzi kazi. Suluhisho ni kupakua famuwea hiyo kwa kutumia intaneti ya simu iliyounganishwa kwa USB, au kutumia kisakinishi chenye famuwea ndani yake.

(iii) Kadi imezimwa kwa kitufe au kwa mipangilio. Suluhisho ni kuikagua kwa rfkill list na kuiwasha.

Angalia kwamba kila hoja ina sababu, matokeo na suluhisho. Hivyo ndivyo unavyokamilisha alama.

8. Maswali ya kujipima

1. Tofautisha kiendeshi na famuwea.

2. Kwa nini kompyuta mpya kabisa inaweza kuleta usumbufu zaidi kwenye Linux kuliko iliyotoka miaka mitano iliyopita?

3. Kompyuta ina prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya GB 2. Je, tatizo lake kwa Ubuntu 24.04 ni la upatanifu au la uwezo? Toa sababu.

4. Rafiki yako amepewa kompyuta yenye mafaili ya baba yake na anataka kufuta diski leo jioni ili aweke Linux. Mwandikie hatua nne za kufuata kabla ya kufanya hivyo, kwa mpangilio, ukieleza kila hatua inamkinga na hasara gani.